Likizo ya Mavuno ya Zabibu

Masomo: Kumbukumbu la Torati 24:17-22; Warumi 13:11-14

Tunawasalimu ninyi nyote, mlio nyumbani, mlio njiani, na ninyi ambao redio imewekwa juu ya jiwe kando ya shamba huku mikono ikiendelea na kazi. Tunawasalimu hasa ndugu zetu wa Kisii na Nyamira, maana mazungumzo yetu ya leo yatahusu mavuno, na ninyi ni watu wa kuvuna.

Leo tunalichukua neno moja la zamani, tulifungue pamoja tuone kilichomo ndani yake. Ni neno la Kilatini, lugha ya Warumi: vindemialis. Msiogope ugeni wake. Warumi walikuwa na neno vinum, yaani divai, na neno demere, yaani kuondoa au kutoa kitu mahali kilipo. Wakayaunganisha, wakapata vindemia: kuondoa matunda ya divai katika mti wake, mavuno ya zabibu. Basi kitu chochote kilichohusu mavuno hayo kiliitwa vindemialis. Hata watu waliitwa hivyo. Katika orodha ya maaskofu wa Afrika ya Kaskazini walioitwa Kartago mwaka 484, wakati mfalme Huneric wa Wavandali alipokuwa akiwatesa Wakristo, yumo askofu mmoja wa mji wa Capsa, ambao leo uko katika nchi ya Tunisia. Jina lake ni Vindemialis.

Lakini zaidi ya yote, neno hili lilitumika kwa siku fulani za mwaka. Warumi walikuwa na likizo ya mavuno ya zabibu. Ndani ya likizo hiyo yamo mambo mawili ambayo sisi wa leo tunayahitaji sana: amani kati ya watu, na uamuzi mbele za Mungu.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Mchungaji, sisi na zabibu wapi na wapi?" Ni kweli. Milima yetu ina mvua nyingi na ardhi yenye unyevu, na mzabibu hupenda mahali pakavu zaidi. Anayetaka kuona mashamba ya mizabibu na asafiri hadi Dodoma, Tanzania, ambako huvunwa mara 2 kwa mwaka. Wengi wetu tumeufahamu mzabibu katika Biblia tu.

Hata hivyo mavuno yenyewe tunayajua. Nani hapa asiyeijua Agosti yetu? Mahindi yaliyopandwa mwanzo wa mwaka yamekauka yanangoja kuvunwa. Obori, yaani wimbi, hukatwa shuke moja moja kwa kisu, kazi isiyotaka haraka. Shule zimefungwa, na watoto wako nyumbani kusaidia. Wazee wetu walikuwa na egesangio, kundi dogo la majirani waliofanya kazi kwa zamu katika shamba la kila mmoja. Tena walikuwa na risaga, mwito wa watu wengi kwa siku moja, mwenye shamba akiwaandalia chakula na kinywaji. Hakuna aliyevuna peke yake kama mwizi. Basi likizo ya mavuno si jambo geni kwetu. Lililo geni ni jina lake tu.

Sasa tuingie katika historia.

Katika karne ya pili baada ya Kristo, dola ya Roma ilitawaliwa na Marcus Aurelius, tangu mwaka 161 hadi 180. Mtawala huyo hakuwa rafiki wa Kanisa. Mwaka 177, katika siku zake, Wakristo wengi wa mji wa Lyon, katika nchi tunayoiita leo Ufaransa, waliteswa na kuuawa. Lakini Mungu huweza kuacha kipande cha hekima hata mkononi mwa mtu asiyemjua. Marcus aliagiza kwamba mtu yeyote asimlazimishe mwenzake kwenda mahakamani wakati wa mavuno ya nafaka na mavuno ya zabibu. Sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi: watu wako shambani, wasiburutwe mjini kwa ajili ya kesi. Agizo hili lilihifadhiwa katika kitabu kikubwa cha sheria kilichokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian na kutolewa mwaka 533.

Fikirini jambo hilo. Palikuwa na majira katika mwaka ambapo mdai na mdaiwa, waliokuwa wakitazamana kwa macho makali mbele ya hakimu, walirudi nyumbani, kila mmoja akachukua kikapu chake. Ugomvi uliwekwa chini kwa sababu matunda yalikuwa yameiva, na matunda hayamngojei mtu.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na mlango uliobaki wazi. Kesi ambayo ingeharibika kwa kungoja iliweza kusikilizwa. Tena, hata wakati wa mavuno, hakimu aliweza kusikiliza shauri la kumwekea mtoto yatima mlezi, na shauri la chakula cha yule anayepaswa kulishwa. Yaani matajiri wawili wanaogombania mpaka waliweza kungoja mpaka zabibu ziishe. Yatima hakuambiwa angoje.

Je, hili halitukumbushi Torati? Katika somo letu la kwanza, Mungu anawakataza Israeli wasipotoe hukumu ya mgeni wala ya yatima. Kisha, bila kubadili mazungumzo, anaingia shambani. Mganda uliosahauliwa usirudiwe. Mzeituni ukishapigwa, matawi yasitafutwe mara ya pili. Na mzabibu ukishavunwa, masazo yaachwe, yawe ya mgeni, ya yatima na ya mjane. Kwa Mungu, mahakama na shamba si mambo mawili. Namna unavyovuna ndiyo namna unavyohukumu. Mtu anayekung'uta kila punje hata asimwachie mjane kitu, huyo huyo akiitwa na wazee kutoa ushahidi atamnyang'anya mjane shamba.

Miaka ikapita, na Kaisari wakawa Wakristo. Mwaka 389 ikatolewa sheria katika jina la Valentinian, Theodosius na Arcadius, iliyotaja siku ambazo mahakama zitafungwa. Zilitajwa siku za Jumapili, na majuma mawili ya Pasaka, moja kabla na moja baada. Tena ulitajwa muda wa miezi 2: mmoja kwa ajili ya joto kali la kiangazi, na mmoja kwa ajili ya kuchuma matunda ya vuli.

Msidhani kwamba desturi za namna hii zimekufa. Mahakama Kuu ya Kenya ina likizo yake, kuanzia tarehe 1 Agosti hadi tarehe 15 Septemba, nayo ni desturi tuliyoipokea kutoka kwa Waingereza. Basi Mahakama Kuu pale Kisii na pale Nyamira hupunguza shughuli zake wakati ule ule ambao sisi tuko shambani tunavunja mahindi. Je, sisi Wakristo tumewahi kuitumia nafasi hiyo?

Tuseme wazi, maana mnatujua na sisi tunawajua. Ardhi yetu ni nzuri, lakini watu ni wengi na mashamba ni membamba. Baba alikuwa na ekari chache, akawagawia wana wake; wana nao wana watoto wa kiume; na sasa mpaka unapimwa kwa hatua za miguu. Ndugu waliozaliwa na mama mmoja wanakutana mahakamani, kila mmoja na wakili wake. Mwingine ameuza ng'ombe ili kugombania ukingo ambao ng'ombe huyo asingeweza kushiba juu yake. Jumapili wote wawili wako kanisani, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakiimba wimbo mmoja.

Basi tunawapa shauri. Likizo ya mahakama inapofika, iwe ni likizo ya ugomvi. Mpelekee ndugu yako debe la mahindi mabichi. Uende umsaidie siku moja kukata wimbi lake, kama babu zetu walivyofanya katika egesangio. Usizungumze habari za kesi siku hiyo. Kisha waiteni wazee na mchungaji, mkae chini ya mti. Huenda mwezi wa Septemba, mahakama ikifunguliwa, faili lenu halitakuwa na kazi tena. Lakini kama kuna yatima au mjane anayengoja haki yake kwako, usimwambie habari za likizo. Haki yake haina likizo.

Hilo ndilo jambo la kwanza, yaani amani. Sasa jambo la pili, yaani uamuzi.

Miaka 3 kabla ya sheria ile ya mwaka 389, alikuwako Milano, katika Italia ya kaskazini, Mwafrika mmoja aitwaye Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa maombi mengi. Augustino alifundisha Kartago, akaenda Roma mwaka 383, na mwaka 384 akapewa kazi kubwa Milano: kuwa mwalimu wa ufasaha wa maneno. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima. Lakini yeye mwenyewe alieleza baadaye jinsi alivyotakiwa kutunga hotuba za kumsifu Kaisari, na ndani ya hotuba hizo alikuwa aseme uongo mwingi, na wale waliojua kwamba ni uongo wampigie makofi. Alianza kuiona kazi yake kuwa biashara ya maneno, na duka lake likamchosha.

Kwa miaka mingi Augustino alimwambia Mungu "bado". Aliutaka usafi wa moyo, lakini aliogopa kupewa upesi. Hapo hata sisi tunajiona. Ndipo katika kiangazi cha mwaka 386, akiwa bustanini na machozi, akasikia sauti kama ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Akakifungua kitabu cha Mtume Paulo, macho yake yakaangukia yale maneno ya Warumi 13, juu ya kuacha ulafi na ulevi na ufisadi, na kumvaa Bwana Yesu Kristo. "Bado" yake ikafa pale pale.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi huliruka. Zilikuwa zimebaki siku kama 20 tu kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu. Likizo hiyo huko Milano ilianza karibu na mwisho wa Agosti na kwenda hadi katikati ya Oktoba. Augustino aliamua kutoacha kazi siku ile ile kwa kishindo. Alisema moyoni: nitavumilia siku hizi chache, nifundishe mpaka likizo, kisha niondoke kwa utulivu. Hakutaka watu wote wa mji wamtazame na kusema kwamba anajitafutia sifa. Isitoshe, kifua chake kilikuwa kimeanza kuugua, na kusema kwa sauti kubwa kulimwumiza. Marafiki zake wa karibu walijua nia yake. Watu wengine hawakujua.

Je, alifanya vema? Yeye mwenyewe, alipoandika habari hizi miaka kama 11 baadaye, alikiri kwamba huenda ndugu fulani watamlaumu kwa kukaa hata saa moja katika kiti cha uongo baada ya kumjua Kristo. Hakubishana nao. Alisema tu kwamba kama ilikuwa dhambi, Mungu alimsamehe pamoja na nyingine zote katika maji ya ubatizo.

Sisi tunaona kwamba kuna tofauti kubwa kati ya "bado" ya miaka mingi na zile siku 20. "Bado" ya kwanza haikuwa na tarehe. Ilikuwa kama ile ya liwali Feliksi, katika Matendo 24, aliyemwambia Paulo aende zake, naye atamwita akipata nafasi. Na miaka 2 ikapita, Paulo angali kifungoni. Lakini siku 20 za Augustino zilikuwa na mwisho. Alizihesabu. Aliwaambia wenzake, kwa hiyo asingeweza kurudi nyuma kwa siri. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuvunwa. Ulingoja kubebwa tu. Mkulima anayesema "nitavuna Jumatatu", akanoa kisu na kuwaalika majirani, huyo anavuna. Lakini anayesema "nitavuna siku moja", huyo anawalimia ndege.

Likizo ikafika. Rafiki yake Verecundus akampa nyumba yake ya shamba mahali paitwapo Cassiciacum. Wakaenda pamoja na Monika, na Adeodatus mwana wa Augustino, na rafiki yake Alypius, na vijana wachache wanafunzi. Huko walisoma, waliomba Zaburi, walijadiliana mambo ya Mungu, na siku nyingine kutwa ilikwenda katika kusimamia shughuli za shamba. Tarehe 13 Novemba, Augustino alipotimiza miaka 32, walikaa siku 3 wakizungumza habari ya maisha yenye heri, na mama Monika alikuwa mmoja wa wasemaji. Likizo ilipokwisha, Augustino aliwapelekea watu wa Milano habari kwamba watafute mwalimu mwingine. Usiku wa Pasaka, kuamkia tarehe 25 Aprili 387, Askofu Ambrosi alimbatiza, pamoja na mwanawe na Alypius. Mwaka ule ule Monika akafariki huko Ostia, macho yake yakiwa yameona alichokililia.

Na yule Verecundus? Alikuwa na huzuni. Mke wake alikuwa Mkristo, yeye hakuwa bado. Aliwapa wengine nyumba ya kumtafuta Mungu, naye mwenyewe akabaki mlangoni. Baadaye aliugua, na katika ugonjwa huo akaamini na kubatizwa, kisha akafa. Neema ilimfikia. Lakini nani kati yetu amehakikishiwa ugonjwa wenye nafasi ya kutubu?

Ndugu wapendwa, baada ya Agosti yetu huja Oktoba. Mnajua maana yake. Mwaka mzima mama amechuma majani mawili na chipukizi, amebeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, karani akapima, akaandika kilo. Majani yamekwenda kiwandani: Kebirigo, Sanganyi, Nyankoba, Tombe, Nyamache, Ogembo, Kiamokama. Kila mwezi amepata kidogo. Kisha karibu na Oktoba huja malipo ya mwisho wa mwaka, yale tunayoyaita bonasi. Hiyo ndiyo vindemia yetu.

Na ni wakati wa hatari. Tunasoma katika Waamuzi 9:27 jinsi watu wa Shekemu walivyovuna mizabibu yao, wakakanyaga zabibu, wakafanya karamu, wakala na kunywa. Na kutoka kunywa wakaingia katika matukano, na kutoka matukano katika vita vilivyouteketeza mji. Hata kwetu, zipo nyumba ambazo wanawake huiogopa Oktoba kuliko ukame. Mama ndiye aliyechuma, lakini jina lililoandikwa kiwandani ni la baba. Fedha hutoka asubuhi. Jioni baba hajulikani aliko. Na Januari mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Ndugu yangu, jani lile lilichumwa na mikono ya nani? Kumbuka lile neno demere, kuondoa. Kuna mtu anayeondoa matunda katika mti, na kuna mtu anayeondoa chakula katika vinywa vya watoto wake. Wote wawili wamerudi na kitu mkononi, lakini mmoja tu ndiye aliyevuna.

Basi twawaomba mfanye kama Augustino. Wengi husema, "Bonasi ikiisha nitaokoka. Kesi ikiisha nitasamehe. Mwaka ujao nitaacha biashara hii." Tunasema, weka tarehe. Kama kazi yako inakudai useme uongo, hesabu siku zako za kutoka, uzihesabu kwa vidole. Kama wewe ni shahidi wa kununuliwa katika kesi za mashamba, wewe nawe ni mwuza maneno, funga duka. Mwambie mke wako, mwambie mzee wa kanisa, ili usirudi nyuma gizani. Kaa na mke wako mezani kabla fedha hazijaja, mwandike pamoja: karo ni hii, mbolea ni hii, sadaka ni hii, na masazo ya yatima ni haya.

Kanisa la Anglikana humkumbuka Augustino tarehe 28 Agosti, siku aliyofariki mwaka 430, akiwa Askofu wa Hippo, Wavandali wakiwa wameuzingira mji. Sisi Waanglikana katika Kisii na Nyamira tu wachache kati ya Waadventista, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste. Lakini Augustino si wa dhehebu moja. Ni mzee wetu sote, mwana wa bara hili. Na siku yake huangukia katikati ya mavuno yetu, wakati ghala liko wazi na mahakama imepumzika. Hatuhitaji majira mengine yaliyo bora zaidi.

Na tuombe.

Ee Bwana wa mavuno, tunakushukuru kwa mahindi na wimbi, kwa chai na ndizi, na kwa mikono iliyovichuma. Wapatanishe ndugu wanaogombania mipaka. Walinde mama na watoto katika mwezi wa fedha. Yeye aliyekuambia "bado" kwa miaka mingi, mpe leo kukutajia siku. Nasi sote tusipite mbele ya yatima kana kwamba mavuno ni yetu peke yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema na amani ziwe nanyi nyote.